Mwani Ulipofika Lizaboni

Tulimzika Mama Gaudensia jana asubuhi, na alasiri nikajikuta nimesimama katika duka la pembejeo mjini Songea, nacheka peke yangu kama mtu aliyepandwa na mashetani. Sikwenda pale kununua kitu. Nilikimbia msiba, maana watani walikuwa wameshaingia uwanjani na mmoja wao alivaa gauni la marehemu akawa anaiga mwendo wake, ule wa kuinua magoti kama anaruka mitaro, na watu wakacheka, nami nikaona nikizidi kukaa pale nitalia kilio cha aibu. Basi nikatembea tu hadi mjini, nikaingia duka la kwanza lenye kivuli. Kwenye rafu, katikati ya dawa za viwavi na mbegu za kabichi, kulikuwa na chupa ya kijani imeandikwa: dondoo ya mwani, husaidia mmea kustahimili udongo wenye chumvi. "Hiyo ni teknolojia mpya, mama," dada muuzaji akaniambia, alipoona nimeikodolea macho. Mpya! "Dada yangu," nikamwambia, "hiyo teknolojia mpya mimi nimeipika kwa mikono yangu kwenye pipa la pombe ya komoni, hapahapa Songea, mtaa wa Lizaboni, na wewe ulikuwa hujazaliwa." Akanitazama kwa huruma, akanivutia kiti, akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Habari za kwetu Lindi na za wazazi wangu nitaziacha, zina siku yake. Hapa nausema mwaka mmoja tu, ule niliopangiwa kwenda kufundisha kemia Songea nikiwa binti mwenye cheti kipya na mdomo mrefu. Nilifika mwezi wa sita, na mtu wa Pwani akifika Songea mwezi wa sita bila sweta, huyo kajitakia mwenyewe. Chumba nilikipata Lizaboni kwa Mama Gaudensia, mjane wa mzee Ngonyani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, kigoda, dirisha la mbao linalotazama uani, na juu ya kitanda picha ya Moyo Mtakatifu. Mama aliposikia naitwa Zuhura, akasimama mbele ya ile picha, mikono kiunoni. "Mwalimu, nimtoe Yesu ukutani, au mtaelewana?" Nikamwambia tutaelewana, hata sisi tunamheshimu. "Haya. Ila yeye hakoromi, sijui wewe." Kesho yake akaninunulia sufuria yangu peke yangu, yenye mfuniko mwekundu, kwa sababu nyumba ile Jumapili ilikula nguruwe, akaitundika juu ya msumari wake akawatangazia majirani kwamba atakayeigusa atakiona. Sijawahi kuambiwa karibu kwa namna nzuri kuliko ile.

Tulikula uani, karibu na moto, ugali wa sembe na dagaa wa Nyasa, maharage siku nyingi, magimbi asubuhi. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba, na sebule ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo nilisikia kila kitu kilichosemwa katika nyumba ile, nikitaka nisitake. (Nilitaka.) Jumapili moja baada ya misa alikuja Mzee Osmund, mdogo wake marehemu, mtu mpole wa sauti, mwenye koti la kahawia na desturi ya kukohoa kabla ya kusema jambo baya. Alikohoa. "Shemeji, ile bustani ya bondeni ilikuwa ya kaka. Kaka hayupo." Mama akajibu, "Na mimi je, sipo?" "Upo, nani kasema hupo? Lakini bustani isiyozaa ni ya kazi gani? Mwaka wa tatu huu kule chini hujavuna kitu. Watu wa matofali wanautaka ule udongo wa mfinyanzi." Halafu sauti ya Mama, ndogo, sijapata kuisikia hivyo: "Niache nipande maharage ya kiangazi hiki." Yule mzee akafikiri, akasema, "Nakuacha. Yakikubali, bustani ni yako, sitafungua mdomo tena hata mbele ya ukoo. Yakikataa, naleta majembe." Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Baadaye kidogo Mama akaniita chakula kama hakuna lililotokea, ila alinipa ugali bila mboga na mwenyewe hakuona.

Nilimuuliza siku ya pili, maana mimi kunyamaza sijui. Nilimwambia, Mama, mboga unazo za bustani ya juu, zinakutosha sokoni, kwa nini usimwachie huyo mzee kile kipande kibaya cha chini? Aligeuka akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, hapa nyumbani mimi ni mjane wa Ngonyani. Nikiulizwa nani kajenga, ni Ngonyani. Nani kanunua vitanda, Ngonyani. Kule bondeni nilifyeka mwenyewe nikiwa na mimba. Kule tu ndiko naitwa Gaudensia. Na majembe ya matofali yakiingia chini hayaishii chini, yanapanda." Nikasema basi, Jumamosi twende wote nikaone.

Kitu cha kwanza nilichokiona bondeni kilikuwa mbuzi. Bustani ilishuka kwa matuta, juu kijani safi, chini tambarare yenye matuta mabovu, na mwisho kabisa kigongo cha mfinyanzi kilichoitenga na kijito. Katika ile tambarare mbuzi wa jirani walikuwa wamepiga magoti, wanaramba udongo. Majani yalikuwepo kando, hawakuyajali. "Hawa wanafanya nini?" nikauliza. "Wanaramba," Mama akasema, kwa fahari kabisa. "Kila siku wako hapa. Shamba langu tamu." Nikainama. Udongo ulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, kama unga uliomwagika ukapata umande. Nikachovya kidole nikaweka ulimini. Mimi mtu wa Lindi, ladha ile naijua kabla sijajua jina langu. "Mama," nikamwambia taratibu, nikijua nampa habari ya msiba, "shamba lako lina chumvi." Uso wake ukafunguka wote. Akanishika mikono miwili. "Asante, mwanangu! Mungu akubariki. Mwambie Osmund hivyohivyo!"

Ilinichukua muda kuelewa nimesema nini. Songea ni nchi ya mahindi, na mahindi ni mbolea, na ile mbolea ya dukani, ya punje nyeupe, wazee waliiita mbolea ya chumvichumvi, na kwa kufupisha, chumvi. Jirani humuuliza jirani, "Umeshaweka chumvi?" wala haulizii mchuzi. Shamba lenye chumvi ni shamba lililoshiba. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi nasema chumvi ile nyingine, ya jikoni, akanijibu kwamba ya jikoni iko jikoni, nani aipeleke shambani, wazimu? Na hapo alikuwa ameniuliza swali zuri kuliko alivyojua. Nani aliipeleka? Usiku huo sikulala vizuri, sijui kwa baridi au kwa udadisi. Songea mvua ni tele, milima imeoshwa tangu Adamu, bahari iko mbali safari ya siku mbili, na katikati ya yote hayo kuna kipande cha ardhi ambacho mbuzi wanakipigia magoti.

Nilianza kuchota. Nilijaza vichupa maji ya mfereji wa juu, ya mfereji wa kati, ya dimbwi la chini, nikavipeleka maabara ya shule na kuvitia matone ya nitreti ya fedha, ambayo ikikutana na chumvi hugeuza maji yakawa meupe kama maziwa. Maji ya mfereji wa juu, yatokayo chemchemi, yalibaki maangavu. Ya mfereji wa kati na ya dimbwi yakawa meupe. Nikaufuata mfereji ule wa kati kwa miguu, Mama nyuma yangu amejifunga kanga kiunoni, ananiambia mwalimu wa kwanza aliyepanga kwake alikuwa anacheza bao tu, hakumsumbua. Kichakani juu tukakuta banda la ngozi. Mwenye banda alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi, anazipaka chumvi zisioze, anazipanga, na jioni anaosha sakafu. Maji ya sakafu yaliingia kwenye mfereji wa Mama. Tangu lini? "Mwaka wa nne sasa," akasema yule bwana bila wasiwasi, akatuonyesha magunia ya chumvi yake, akatukaribisha viti. Alikuwa mtu mwema. Mama alipofoka, akaomba radhi kwa moyo, akachimba shimo lake la maji machafu wiki ileile, kwa upande wa mbali na mfereji. Kwa hiyo chumvi mpya ilikoma kuingia. Ya zamani ilikuwa palepale, na maharage yalikuwa yanangojewa, na kati ya mazao yote aliyoyaumba Mungu, maharage ndiyo mepesi kuliko yote kufa kwa chumvi.

Hata hivyo Mama alikuwa hajakubali. Alielewa kwamba maji ya ngozi ni uchafu, lakini kwamba tatizo ni chumvi, hapana, neno lile kichwani kwake lilikuwa na baraka. Tulikuwa tunachambua maharage ya mbegu uani aliponiuliza, nadhani ili kunikomesha, "Haya, tuseme ni chumvi. Kwenu baharini ni chumvi tupu. Hakuna kinachoota?" Nikasema kipo, mwani. Kina mama kwetu wanaulima kwenye maji, kwenye kamba, unaota vizuri tu. "Basi mwani unajua dawa yake," Mama akasema, akarusha harage bovu kwa kuku. "Kamuulize." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka mwalimu wetu mmoja wa chuo alitusimulia, siku ya joto sote tukisinzia, kwamba wakulima wa visiwani huko mbali huloweka mwani na kuyapa mazao maji yake, na mazao yanavumilia baridi na ukame na chumvi kuliko yalivyozoea. Sikuwa nimeuliza swali hata moja siku ile. Sasa nilikuwa na maswali mia na hakuna wa kumuuliza, ndipo nikaona hakuna njia ila kujaribu.

Nilimpigia simu shangazi yangu Lindi. Gunia la mwani mkavu likapakiwa juu ya basi, likapita Masasi, likafika Nakapanya, na hapo basi likanasa kwenye matope ya mvua isiyo ya msimu, abiria wakalala kijijini, gunia nalo likalala mvuani. Liliposhushwa Songea, konda aliliteremsha kwa mguu. "Sista, huu mzigo wako umetutoa roho. Kuanzia Tunduru hakuna aliyekula. Kuna maiti humu?" Ukweli, harufu ilikuwa nzito, ya pwani maji yakitoka, na mimi pale stendi, wallahi, nilisikia machozi yananilenga kwa kukumbuka nyumbani. Mama alilinusa gunia akasema, "Na hiki ndicho mnachokula kwenu?" Nikamwambia hatuli, tunauza. "Afadhali."

Tuliuosha mwani maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwani kupeleka chumvi kwenye chumvi ingekuwa kichekesho cha mwaka, na kila maji yalipomwagwa Mama aliyaonja, hadi alipoyaonja asiteme. Kisha kupika. Sufuria zake alikataa, sufuria yangu yeye mwenyewe aliitetea, hivyo likatolewa pipa la komoni, ambalo alikuwa akipikia pombe sikukuu za watakatifu. Hebu fikiria: binti wa Kiislamu, ushungi kichwani, nimeshika mwiko mrefu nakoroga pipa la pombe uani Lizaboni, moshi unapanda, harufu inaingia nyumba hadi nyumba. Haikufika saa moja mgambo wa mtaa akabisha hodi, anatafuta gongo. "Mnapika nini?" "Mwani," nikasema. "Mwani ndiyo nini?" "Majani ya baharini." "Bahari ipi, Songea hii?" Mama akachota upawa, akamsogezea mdomoni kwa adabu zote. "Onja, afande." Afande alinusa, akarudi hatua mbili. "Endeleeni," akasema, akaenda zake bila kuaga. Kuanzia siku ile niliitwa Mwalimu Mwani, na wanafunzi wangu wakawa wananusa hewani nikiingia darasani, mafedhuli wale.

Niseme hapa jambo ambalo hata yule dada wa dukani nilimwambia, japokuwa hakuniuliza. Mwani hauondoi chumvi. Kuna vitu ndani yake ambavyo mmea ukivipata, mizizi inachangamka, majani yanashikilia maji, mmea unapata nguvu ya kuvumilia dhiki ambayo ingeuangusha. Chumvi yenyewe inabaki palepale. Nilimweleza Mama hivyo tukichuja ule urojo kwa kitambaa, akaelewa upesi. "Ni kama uji wa mgonjwa. Hauponyi, unampa nguvu ya kusubiri dawa. Na dawa ni nini?" Maji safi mengi, nikasema, yaioshe chumvi iende zake. Iende wapi? Nikamwonyesha kile kigongo cha mfinyanzi kilichozuia maji yasitelemke kijitoni. Iende kule, lakini njia imezibwa. Mama akaguna, akakamua kitambaa.

Tuliloweka mbegu katika maji ya mwani yaliyozimuliwa, tukapanda. Na hapo tukagombana, ugomvi wetu mkubwa wa pekee. Nilitaka matuta mengine yasipewe mwani kabisa, tupate kulinganisha. Mama alinitazama kwa hofu. "Unataka nimnyonyeshe huyu, nimnyime yule, na wote nimewazaa siku moja?" Nikasema ndiyo, ndivyo tutakavyojua kama mwani umefanya kazi au ni bahati tu. "Wewe unataka kujua. Mimi nataka maharage." Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na tulinuniana siku kadhaa, tukila kila mtu amegeukia upande wake wa moto. Mwishowe alikubali, kwa sababu alikuwa mdadisi kama mimi ila hakupenda kuonekana. Kitaalamu ningeyachanganya, moja hapa moja pale, lakini hapo hakusogea hata kidogo. Yale ya kunyimwa aliyaita yatima, na yatima hawatawanywi, alisema, wakae pamoja wafarijiane. Yakakaa pamoja, chini kabisa, kando ya kigongo. Yale mengine tuliyanyunyizia maji ya mwani kila baada ya muda, Mama na bomba mgongoni, na kila jioni tulimwagilia matuta yote maji ya chemchemi ya juu.

Sijui kama nimepata kufurahi tena vile katika kazi yangu. Nilifundisha miaka mingi baada ya pale, nikawa mkaguzi, nikapewa ofisi yenye kapeti, lakini ile hali ya kutoka darasani mbio, koti la maabara bado mwilini, kwenda kuhesabu majani, hiyo sikuipata tena. Matuta ya mwani yalikuwa yanasimama. Yalikuwa mafupi kuliko maharage ya mlimani, sitii chumvi hapo, lakini majani yake yalikuwa kijani na yalitoa maua. Yatima nao walikuwa hai, wadogo, njano pembeni, wanajikongoja. Mama alikuwa akiwapita na bomba lake ameinamisha uso.

Kisha siku moja nilifika nikakuta yatima wote wameungua. Majani yamekauka kingo kama yamepitiwa na moto, na kwenye mashina, punje nyeupe. Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, kopo tupu mkononi. "Niliwahurumia," akasema. "Kila siku nawapita, nawanyima, wananitazama. Nikasema kama mwalimu amekataza mwani, hakukataza vingine. Juzi nikawapa angalau chumvi kidogo." "Chumvi ipi, Mama?" "Ya mbolea. Si chumvi ni ile ya..." Niliona neno linavyomwingia. Alichukua punje moja akaweka ulimini, kisha akachukua udongo wenye ukoko, akaweka ulimini, akatema vyote. "Kumbe chumvi ni chumvi," akasema. Kikemia ile mbolea ni chumvi kweli, neno la wazee halikukosea, ni sisi walimu tuliosahau kueleza. Lakini Mama alikuwa ameshanitangulia, anahesabu miaka. "Kwa hiyo kila waliponyauka, mimi nikasema wana njaa, nikawaongezea. Mwaka ule, na ule mwingine. Nimewalisha sumu kwa mkono wangu, Zuhura?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. Nikamwambia, "Wewe na banda la ngozi, mmesaidiana." Akacheka huku analia, na mimi vilevile, tukaonekana vichaa wawili bondeni.

Mzee Osmund alikuja maharage yalipojaza maganda, akiwa na mtu wa matofali aliyevaa viatu vya mpira. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri, akatembea matuta yote taratibu, akapapasa maganda, akakubali kwa kichwa. Moyo wangu ukatulia. Kisha akafika kwa yatima. Akasimama. Akakohoa. "Gaudensia, nilisema yakikubali. Haya yamekubali. Haya yamekataa." Nikaruka kabla Mama hajajibu: "Mzee, hayo tuliyaacha makusudi!" Akanigeukia, na uso wake haukuwa na hila yoyote, alishangaa kweli. "Mliyaacha makusudi yafe? Mtu anayetaka shamba lake anaacha makusudi maharage yafe?" Mtu wa matofali akacheka. Nilifungua mdomo nieleze maana ya jaribio, nikaona jinsi kila neno litakavyokuwa jiwe la kumpiga nalo Mama. Nilijiona mjinga wa mwisho. Nilitaka kujua, na nilikuwa nimejua, na sasa kujua kwangu kulikuwa kunakwenda kumnyang'anya mtu shamba.

"Mwalimu hakuyaua," Mama akasema. "Mimi niliyaua, kwa kuyahurumia. Na sasa najua kwa nini miaka yote yalikufa, na wewe Osmund hujui, kwa hiyo nisikilize." Akainua jembe lake akatembea hadi kwenye kigongo, magoti juu, akalichomeka. Akamuuliza yule mtu wa matofali, mfinyanzi mzuri uko wapi hasa? Yule akaonyesha palepale, kwenye kigongo, palepale palipoziba njia ya maji. Mama akaburuta ncha ya jembe toka ukingo wa bustani hadi kijitoni, mstari mrefu ulionyooka, ukipita juu ya yatima. "Chimbeni hapa. Chukueni kigongo chote, na hawa waliokufa chukueni, nendeni chini hadi maji yatelemke. Mkifika haya matuta yaliyokubali, mwisho. Shemeji, nusu umepata, na mimi nusu nimepata, na mbele ya huyu mgeni utamke ulichoniahidi." Nilimwangalia na nikaelewa kwamba lile guno la siku ya kukamua mwani lilikuwa linafikiri muda wote. Mzee Osmund aliutazama mstari. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo. "Bustani ni ya Gaudensia," akasema. Akakohoa, na kwa mara ya kwanza kikohozi chake hakikufuatwa na kitu.

Walichimba kabla ya mvua. Mvua ziliponyesha, maji ya bustani yalishuka kwenye mfereji ule mpya hadi kijitoni, na nilitia matone yangu kwenye maji yale wiki hadi wiki nikayaona yakipungua weupe. Mwani tuliendelea kuupika msimu uliofuata, kwa kazi yake ya uji wa mgonjwa, hadi uhamisho wangu ulipokuja. Mbuzi waliacha kupiga magoti, wakawa wanakula maharage kama mbuzi wengine wote, na Mama akawa anawafukuza kwa mawe.

Hayo nilikuwa nimekaa nayo kichwani jana, baada ya kurudi kutoka dukani, tuko sebuleni, ukuta uleule mwembamba, uani wanawake wanasonga ugali wa matanga. Binti yake Imelda, ambaye miaka ile alikuwa shule ya bweni, alikuja akakaa karibu yangu. Akaniambia kwamba wao watoto walitaka kumzika Mama bondeni, kwenye bustani yake, kwa jinsi alivyoipenda, na padri alikuwa tayari, na ukoo ulikubali. Walimwambia mwenyewe akiwa hospitalini, wakidhani atafurahi. Mama alikasirika hadi muuguzi akaja. Akawaambia wampeleke makaburini kwenye watu wenzake, na bustani waiache. "Pale palishachimbwa," alisema. "Panatosha."